Shajara ya mradi: masharti ya kuingia kwenye mfumo wa hesabu za tuktuk

Jumatatu

Kwa anayeanza kufuatilia leo: huu ni mfumo wa mtandaoni wa chama cha akiba na mikopo cha wenye tuktuk hapa Mombasa. Mwenye chombo huingia kutazama hesabu, dereva huingia asubuhi kufungua zamu na jioni kuandika alicholeta, na katibu huingia kuwasimamia wote. Madereva wengi hufanya kazi kati ya Mwembe Tayari, Kongowea na feri ya Likoni, wengine wako upande wa Kisauni na Bombolulu. Mfumo umejengwa kwa Django 5.2, mkusanyo wa zana za kujengea tovuti kwa lugha ya Python, na kila mtu huingia kwa nambari ya simu na nywila.

Hadi sasa sharti lilikuwa moja tu: nambari na nywila vikilingana, unaingia. Kamati imeleta mengine. Dereva asiingie kabla katibu hajamwidhinisha. Ambaye beji yake ya PSV, yaani ya kuendesha chombo cha abiria, imeisha muda asiingie. Skwodi, anayeshika chombo cha mwenzake kwa zamu, aingie saa za zamu yake peke yake. Anayekosea nywila mara nyingi afungiwe. Mjumbe mmoja akaongeza kwamba aliye nje ya Mombasa asiingie kabisa.

Sijagusa msimbo leo. Nimeshinda na orodha hiyo nikiliuliza kila sharti swali moja: linamzuia mtu, au linazuia kazi anayotaka kuifanya? Dereva ambaye beji yake imeisha jana bado ana akiba ndani ya chama, ana mkopo anaolipa, ana hesabu ya juzi ambayo yeye na mwenye chombo hawajakubaliana. Tukimfungia mlango tutakuwa tumemtenga na pesa zake mwenyewe kwa sababu ya beji ambayo NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, itampa upya akishatimiza yanayotakiwa. Kinachostahili kuzuiwa ni kufungua zamu, na hilo ni suala la ruhusa ndani ya mfumo. Halina haja ya kufika mlangoni.

Nikampigia katibu ili nihakikishe. "Mama, aliyeishiwa na muda wa beji, unataka asiingie kabisa au asifungue zamu?"

"Mwanangu, mimi sitaki abebe abiria bila beji, basi. Akiba yake na aitazame hata usiku wa manane."

Sharti la beji nimelihamisha. Mlangoni yamebaki kuidhinishwa, zamu ya skwodi na makosa ya nywila. Hili la walio nje ya Mombasa litangoja kikao cha Ijumaa.

Jumanne

Pa kuweka sharti. Django ina fomu yake ya kuingia, `AuthenticationForm`, na ndani yake mna mbinu inayoitwa `confirm_login_allowed`. Huitwa nywila ikishathibitishwa, kabla mtu hajaingizwa. Ukiirithi fomu hiyo na kuiandika upya mbinu hii unaweza kuuliza lolote kuhusu mtumiaji, na usiporidhika unatoa `ValidationError` yenye ujumbe wako. Kisha unaiambia `LoginView` itumie fomu yako. Mistari ni michache sana.

Mpangilio huo wa nywila kwanza na masharti baadaye naulinda kwa nguvu zote. Tukimwambia mtu kwamba akaunti haijaidhinishwa kabla hajaonyesha kuwa ni yake, yeyote mwenye nambari ya jirani anaweza kuichapa na kujua kama jirani ni mwanachama na hali yake ikoje. Chama kinachokopesha watu hakifai kuvuja namna hiyo. Django yenyewe imelifikiria jambo hili kwa undani: nambari isipokuwemo kwenye hifadhidata, bado inapiga hashi ya nywila (kuigeuza kuwa msimbo usiorudishika) mara moja, ili muda wa kujibu usifichue kwamba mtu hayupo. Na si kazi ndogo, maana PBKDF2, kanuni inayopiga hashi hiyo, katika toleo la 5.2 huzungushwa mara 1,000,000. Bila tahadhari hiyo, jibu la nambari isiyokuwepo lingerudi haraka mno na tofauti ingepimika kwa urahisi.

Sasa `is_active`, alama ya Django inayosema kama akaunti iko hai au imezimwa. Ndiyo safu ambayo mkono huikimbilia kwanza: dereva mpya aandikishwe ikiwa `False`, katibu akimwidhinisha iwe `True`. Ipo tayari, haina gharama. Nimeikataa, na nataka sababu ikae hapa kwa atakayekuja baada yangu.

Tangu toleo la 1.10, `ModelBackend`, sehemu ya Django inayomtafuta mtu na kukagua nywila yake, humkataa mtu ambaye akaunti yake si hai pale pale nywila inapokaguliwa. Fomu hupokea jibu kwamba hakuna mtu, kwa hiyo humwambia aliyechapa kwamba nambari au nywila si sahihi. Ule ujumbe maalumu wa akaunti iliyozimwa, ambao umo ndani ya fomu, haufikiwi. Dereva atafanya nini? Ataomba nywila mpya. Fomu ya Django ya kurejesha nywila, ambayo sisi tumeigeuza itumie SMS, nayo huwachagua wenye akaunti hai pekee, lakini ukurasa unaofuata humwonyesha kila mtu kwamba ujumbe umetumwa. Basi kijana atakaa steji akisubiri SMS ambayo haiji. Nywila aliyo nayo ni sahihi, simu yake ni nzima, mtandao upo, na hakuna mahali hata pamoja ambapo mfumo umemwambia kwamba anamngoja katibu. Anayelipa gharama ya hayo ni mtu anayeishi kwa pesa ya siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo `is_active` tumeiachia kazi moja, ya mtu aliyeondolewa kabisa. Kuidhinishwa kumepata safu yake, `hali`, ambayo huwa `inasubiri`, `imeidhinishwa` au `imesimamishwa`. Pembeni yake pana safu ya sababu na ya jina la aliyefanya uamuzi.

Jumatano

Mfumo huu ni nyumba ya milango mitatu, na fomu ya jana inalinda mmoja. Ukurasa wa usimamizi una fomu yake, `AdminAuthenticationForm`, inayouliza kama mtu ni mfanyakazi. Programu ya simu nayo huomba tokeni (ufunguo wa kidijitali unaotumwa badala ya nywila) kupitia Django REST framework, nyongeza ya Django ya kuhudumia programu kama hizo, na ile njia yake iliyo tayari huita `authenticate`, funksheni ya Django ya kukagua nywila, moja kwa moja bila kupita fomu yetu. Tungeishia kwenye fomu, dereva aliyesimamishwa angekataliwa kwenye kivinjari na kukaribishwa kwenye programu ya simu dakika hiyo hiyo. Juu ya hayo, tokeni zake hazina tarehe ya kuisha usipoiweka mwenyewe, na kila zikiletwa huulizwa jambo moja tu kuhusu mwenyewe: kama `is_active` ni kweli.

Kuna njia ya kufunga yote kwa pamoja, nayo ni kuandika upya `user_can_authenticate`, mbinu inayoamua kama mtu anaruhusiwa, ndani ya `ModelBackend`. Nimeifikiria kwa makini. Inafunga kweli, ila jibu lake ni ndiyo au la, na sababu hupotea njiani. Tunarudi kwa yule kijana wa steji.

Nilichofanya ni kuandika funksheni moja, `sababu_ya_kuzuia`. Inapokea mtumiaji na wakati, inarudisha kitu tupu kama hakuna kizuizi, au jina fupi la sababu: `inasubiri`, `imesimamishwa`, `nje_ya_zamu`. Haijui fomu, haijui ukurasa, haijui lugha. Fomu ya kuingia inaiita, fomu ya usimamizi inaiita, njia ya tokeni inaiita, na kila mlango unalisema jibu kwa namna yake. Kamati ikileta sharti jipya mwakani tutagusa mahali pamoja.

Jambo dogo lililokuwa linatusumbua kando nimelimaliza leo leo. Watu huandika nambari zao kila namna: kwa kuanza na 07 au 01, kwa 254, kwa alama ya kujumlisha mbele, kwa nafasi katikati. `ModelBackend` humtafuta mtu kupitia `get_by_natural_key` ya meneja wa modeli, kwa hiyo hapo ndipo nilipoiweka kazi ya kunyoosha nambari. Milango yote mitatu inapata faida bila kujua, na ile tahadhari ya hashi haijaguswa.

Alhamisi

Siku nzima ya maneno. Nimekwenda ofisini kwa katibu na rasimu za ujumbe, kwa sababu yeye ndiye atakayepigiwa simu ujumbe usipoeleweka.

Rasimu iliyotoka kwenye kamati ilikuwa na sentensi mbili: "Umezuiwa. Wasiliana na msimamizi." Sikuipenda. Haisemi kwa nini, haisemi msimamizi ni nani, na inamfanya mtu aliyejiandikisha jana ajione kana kwamba ameiba. Tumeandika hivi kwa anayesubiri:

"Nywila yako ni sahihi. Akaunti yako inasubiri kuidhinishwa na katibu. Tafadhali fika ofisini na kitambulisho na beji, siku za kazi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni."

Sentensi ya kwanza nimeing'ang'ania. Inamwambia asihangaike na kubadilisha nywila. Inawezekana tu kwa kuwa sharti linakaguliwa baada ya nywila, kwa hiyo anayeisoma tayari amethibitisha kuwa ni mwenyewe.

Katibu akaisoma kwa sauti, akanyamaza kidogo. "Na akija saa saba ofisi imefungwa kwa chakula? Ametoka Mtwapa huyo, amepoteza nauli na wateja." Tukaongeza saa za mapumziko. Akaagiza pia nambari ya ofisi iwe ya kubonyezwa, mtu apige simu kabla ya kufunga safari.

Kwa aliyesimamishwa nilikuwa nimeweka sababu pale pale kwenye skrini. Katibu alikataa, na alikuwa na haki. Simu steji hupita mkono kwa mkono, mtu humpa mwenzake amsomee au amsaidie kuchapa. Sababu ya kusimamishwa si jambo la kusomwa mbele ya watu. Ujumbe sasa unasema kwamba akaunti imesimamishwa kwa uamuzi wa kamati, kwamba sababu na njia ya kukata rufaa zimo kwenye barua aliyopewa, na kwamba katibu atampa nakala akiihitaji.

Kwa aliyekosea nambari au nywila hatukubadilisha kitu. Ujumbe ni ule ule kwa makosa yote mawili, na utabaki hivyo.

Ijumaa

Siku fupi. Kikao kilianza baada ya swala ya Ijumaa na kikaisha mapema.

Sharti la kuwa Mombasa limeondolewa. Nilieleza kwamba kitu pekee ambacho seva inakiona ni anwani ya IP, na anwani ya simu haimwelezi mwenye simu yuko wapi. Mara nyingi huonyesha mji ulio na mitambo ya kampuni ya simu, kwa hiyo dereva aliye Makupa anaweza kuonekana yuko Nairobi. Aliyeleta hoja akauliza, "Yaani nikienda msibani Malindi hata hesabu yangu sitaiona?" Ndivyo ingekuwa. Akaiondoa mwenyewe.

Limezuka la picha. Mjumbe mmoja alitaka dereva apige picha kitambulisho na beji, vikae kwenye mfumo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zinazokusanywa ziwe zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyokusudiwa. Kazi yetu inahitaji tarehe ya kuisha kwa beji. Katibu ataitazama beji kwa macho na kuingiza tarehe. Picha hatutaki, na tusichokuwa nacho hakiwezi kuibwa.

Jumamosi

Zamu ya skwodi. Hili ndilo sharti lililonipa raha kulifikiria.

Kwa nini skwodi azuiwe mlangoni wakati dereva wa beji tumemwachia? Kwa sababu skwodi si mwanachama. Hana akiba humu, hana mkopo, akaunti yake ni ya kushikia zamu tu. Nje ya zamu hakuna chake cha kutazama, na wenye vyombo wanaogopa nambari yake isitumiwe na mtu mwingine chombo kikiwa mikononi mwa dereva mkuu.

Zamu za kawaida ni mbili: saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na jioni hadi asubuhi. Ya mchana ni rahisi, unauliza kama sasa iko kati ya mwanzo na mwisho. Ya usiku inavuka usiku wa manane, na hapo swali hilo hilo halipati jibu hata siku moja, kwa kuwa hakuna saa iliyo kubwa kuliko 18:00 na wakati huo huo ndogo kuliko 6:00. Funksheni yenyewe imekuwa hivi:

```
def ndani_ya_zamu(sasa, mwanzo, mwisho):
    if mwanzo < mwisho:
        return mwanzo <= sasa < mwisho
    return sasa >= mwanzo or sasa < mwisho
```

Angalia kwamba mwanzo umo ndani na mwisho uko nje. Saa kumi na mbili kamili anayeingia ni mmoja, anayepokea. Wawili wakiwa ndani ya chombo kimoja kwa dakika hiyo, hesabu ya abiria wa mwisho itagombaniwa.

La pili ni saa yenyewe. Django huhifadhi wakati kwa UTC, saa ya kimataifa ya marejeo, na `timezone.now` hurudisha UTC. Mombasa iko saa tatu mbele. Ukichukua wakati huo mbichi ukaulinganisha na 6:00, skwodi wa asubuhi atafunguliwa saa tatu asubuhi, watu wameshafika kazini. Mpangilio wa `TIME_ZONE` umewekwa `Africa/Nairobi`, na kila ulinganisho hupita kwanza kwenye `timezone.localtime`. Tarehe ya beji nayo vivyo hivyo: kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku, tarehe ya UTC bado ni ya jana, na beji iliyoisha ingeonekana nzima. Hapo tunatumia `timezone.localdate`.

La tatu ni siku. Skwodi wa Jumamosi usiku, ikifika saa nane za usiku, kalenda ya seva inasema Jumapili. Zamu inayovuka lazima ihesabiwe kwa siku iliyoanza, kwa hiyo sasa ikiwa ndogo kuliko mwisho tunarudi nyuma siku moja kabla ya kulitazama jedwali. Na kwenye fomu ya kupanga zamu sikuacha neno "usiku wa Jumapili" peke yake, maana wazee wengi wa hapa huuhesabu usiku pamoja na mchana unaoufuata, na usiku huo kwao ni wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Fomu inaandika yote: "Jumamosi usiku kuamkia Jumapili". Hakuna wa kubishana.

Saa za zamu zimo kwenye jedwali lenye tarehe ya kuanza na kuisha, hazimo ndani ya msimbo. Mwezi wa Ramadhani kazi huhamia usiku, watu hutoka baada ya tarawehe, na katibu anapaswa kuzibadilisha mwenyewe pasi na kuningoja. Jedwali lina safu ya ziada, `mwisho_wa_hesabu`, saa moja baada ya zamu kwisha. Katika saa hiyo skwodi anaweza kuandika na kufunga hesabu, ila hawezi kufungua safari mpya. Mtu aliyekwama kwenye foleni ya feri zamu ikaisha asikatwe katikati ya kuandika pesa za watu.

Jumatatu

Sharti la mlangoni hukaguliwa mlangoni tu, na Django humwacha mtu ndani kwa muda mrefu: kuki ya kipindi, alama ambayo kivinjari huitunza ili mtu asiingie upya kila mara, huishi sekunde 1,209,600, yaani wiki mbili. Dereva aliyeingia leo asubuhi na kusimamishwa adhuhuri angeendelea kufanya kazi hadi wiki ijayo na nyingine. `is_active` peke yake ndiyo isiyo na tatizo hili, kwa sababu `ModelBackend` huiuliza kila mtu anapopakiwa kutoka kwenye kipindi.

Nimeongeza kichungi ambacho kila ombi linakipitia, kikiwa kimewekwa baada ya kile cha Django kinachomtambua mtumiaji. Kinaita `sababu_ya_kuzuia` ile ile. Ikirudi na sababu, mtu anatolewa na kupelekwa kwenye ukurasa wenye maelezo. Ukurasa huo wenyewe, na ule wa kutoka, vimeruhusiwa kupita bila kukaguliwa. Visiporuhusiwa, kivinjari kitazungushwa hapo hapo mpaka kikate tamaa.

Gharama yake ni ndogo. Safu ya `hali` huja pamoja na mtumiaji, na jedwali la zamu husomwa kwa skwodi peke yao.

Jumanne

Makosa ya nywila. Kamati ilitaka akaunti ifungwe baada ya makosa machache hadi katibu aifungue. Sikubaliani, na leo nimewashawishi.

Ukifunga kwa nambari ya simu peke yake, umempa kila mtu silaha. Nambari za madereva zimeandikwa nyuma ya tuktuk. Anayegombania wateja na mwenzake atachapa nambari hiyo na nywila za uongo alfajiri, na mwenzake ataamka amefungiwa. Ukifunga kwa anwani ya IP peke yake, kumbuka kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya nje, kwa hiyo makosa ya mtu mmoja Changamwe yanaweza kuwafungia wasiomjua walio Nyali.

Tunahesabu kwa nambari na anwani kwa pamoja, na badala ya kufunga tunachelewesha: kila kosa linaongeza muda wa kungoja, hadi kikomo cha dakika 15. Mwenye nambari akija na anwani tofauti hana deni la makosa ya mwingine. Kwa anayejaribu nambari moja kutoka anwani nyingi kuna hesabu ya pili, yenye kikomo cha juu zaidi, na ikifikiwa mwenye akaunti hutumiwa SMS kujulishwa.

Jumatano

Majaribio. Neno moja kwa atakayeyaongeza: usitumie `force_login` kujaribu masharti haya, wala `client.login`. Ya kwanza humwingiza mtu bila kuuliza chochote, ya pili huita `authenticate` bila kupita fomu. Jaribio litafaulu hata sharti likiwa limefutwa. Tuma nambari na nywila kwenye ukurasa wa kuingia kama afanyavyo dereva, kisha soma ujumbe unaorudi. Kila sababu ina jaribio kwa kila mlango, na zamu ya usiku ina ya saa tano na dakika 59, saa sita kamili, saa kumi na moja na dakika 59 alfajiri, na saa kumi na mbili kamili.

Alhamisi

Imepandishwa kwenye seva, ila kwa awamu. Waliokuwemo wote wameandikwa `imeidhinishwa` wakati safu inaongezwa, na wapya tu ndio huanza na `inasubiri`. Bila hivyo chama kizima kingeamkia nje.

Kwa sasa sheria ya zamu inaandika bila kuzuia: kila skwodi ambaye angekataliwa anaingizwa kama kawaida, na kumbukumbu inabaki na nambari ya akaunti, saa na sababu. Usiku wa kwanza umeonyesha skwodi wa upande wa Likoni wanaobadilishana saa tano usiku badala ya saa kumi na mbili, na katibu hakuwa na habari. Wameshakubaliana na wenye vyombo siku nyingi. Tungewasha kizuizi tangu mwanzo wangefungiwa nje barabarani. Katibu amewaita ofisini Jumatatu ili zamu yao iingizwe kwenye jedwali.

Kilichobaki: kuwasha kizuizi cha zamu jedwali likishakamilika, kuzipa tokeni za programu ya simu tarehe ya kuisha, na kuufanya ule ukurasa wa maelezo usomeke kwenye skrini ndogo, maana kwa sasa kitufe cha kupiga simu ofisini kinaangukia chini kabisa na mtu asiposogeza hakioni. Naanza na kitufe.